Barua ya wazi: Majina yaliyobaki njiani kati ya Mkunazini na Little Steeping

Kwa viongozi wa Dayosisi ya Lincoln, Uingereza. Kwa baraza la kanisa na wakazi wa parokia ya Little Steeping. Kwa viongozi wa Dayosisi ya Zanzibar. Na kwa mabaraza yetu ya lugha, BAKITA na BAKIZA.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima. Kiingereza ninakijua, na ndicho kinachonipa riziki, maana mimi ni mkalimani huku Nottingham: leo hospitali, kesho mahakamani, keshokutwa kwa mama wa Kikongo anayetaka kujua barua ya nyumba inasemaje. Lakini hii nimekusudia kuiandika kwa Kiswahili. Inahusu Little Steeping, kijiji cha mashambani huko Lincolnshire ambacho padri wake, Edward Steere, alikaa mezani akakipanga Kiswahili neno kwa neno, kwa taa ya mafuta, huku nje kuna matope na upepo wa bahari ya Kaskazini. Kuwaandikia watu wa kijiji hicho kwa lugha nyingine nimeona ni kukosa adabu. Wakihitaji wa kuwasomea, mimi nipo, na treni yao naijua.

Nimezaliwa Mkunazini, Mji Mkongwe. Ni Muislamu, mtoto wa chuoni, na Kanisa la Mkunazini lilikuwa jirani yetu kama lilivyo jirani wa kila mtu pale. Tulipokuwa wadogo tulijipenyeza kwenye misafara ya watalii tukiwasikiliza waongozaji, mpaka maneno yao tukayahifadhi. Soko la watumwa lilikuwa hapa. Askofu kazikwa nyuma ya altare. Nguzo zile mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu, askofu mwenyewe yuko safarini. Hii ya nguzo ndiyo tuliyoipenda, tukaitia chumvi kila tulipoisimulia. Askofu alitoka wapi hatukuuliza. Katoka Ulaya, basi.

Miaka mingi baadaye, niko huku kwenye baridi, nikakutana na nakala kuukuu ya sarufi ya Kiswahili ya Edward Steere, yule yule askofu wetu wa nguzo, iliyotoka kwanza mwaka 1870. Niliichukua kwa udadisi wa kazi. Mkalimani hufungua kamusi kama fundi cherehani anavyopapasa kitambaa cha mwenzake. Nilipofuatilia ilikoandaliwa nikakuta kwamba mwaka ule wa 1870 mwandishi hakuwa Zanzibar. Alikuwa amerudi kwenye parokia yake, Little Steeping. Nikatazama ramani. Ni mwendo wa treni mmoja tu kutoka nyumbani kwangu, ile ya kwenda Skegness.

Niliteremka Wainfleet, nikaenda kwa mguu zaidi ya saa moja na nusu. Nchi ile ni tambarare mpaka inatia kiwewe. Mtu aliyezoea kuona mnazi au paa la bati mbele yake hana pa kutua jicho. Mashamba, mtaro, mashamba, mtaro. Kaskazini kwa mbali kuna vilima, kusini ni nchi iliyokuwa kinamasi kabla ya maji yake kutolewa kwa mitaro hiyo. Mto Steeping unapita kwenye kingo zilizoinuliwa kwa mikono ya watu. Kanisa la Mtakatifu Andrea limejengwa kwa jiwe la kienyeji lenye rangi ya kijani, rangi ya shaba iliyokaa mvuani. Nikiliangalia jiwe lile nilikumbuka kuta zetu za matumbawe. Kila nchi hujenga kwa kilichopo chini ya miguu yake.

Wakazi wa Little Steeping historia yenu mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo haya machache nayasema kwa ajili ya wasomaji wa kwetu. Kijiji kimo katika ile hesabu kubwa ya ardhi iliyofanywa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William. Majina ya jirani zake, Spilsby, Firsby, Candlesby, yote yana mkia wa "by", na mkia huo ni Kidenmaki: ni mji, ni makazi. Wadenmaki walikuja kwa majahazi katika karne ya 9, wakapigana, wakaoa, wakalima, wakaacha maneno. Nilicheka peke yangu njiani. Waingereza wa Lincolnshire wanaishi ndani ya lugha iliyokopa kwa wageni wa baharini sawasawa na sisi tunavyosema sahani, meza na shukrani, wala hakuna anayewauliza kama Kiingereza chao ni lugha halisi.

Parokia nayo ielezwe, maana msomaji wa Unguja akisikia parokia anafikiria ibada tu. Kwa Uingereza ya zamani parokia ilikuwa ni kanisa na shehia kwa pamoja. Ndiyo iliyotunza maskini wake, ikatengeneza njia zake, ikaandika watu wake. Tangu mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Mpaka 1837, serikali ilipoanza kuandikisha vizazi na vifo kwa nchi nzima, mnyonge asiyekuwa na shamba wala wasia alikuwa na sehemu hiyo moja tu ya kuandikwa jina. Alizaliwa, akaoa, akafa: mistari mitatu, basi. Mambo ya kiserikali yalitenganishwa na ya kanisa mwaka 1894, kukawa na mikutano na mabaraza ya parokia yasiyo ya padri. Hapo ndipo parokia ya kiraia ilipofanana kabisa na shehia yetu, hata kwa ugomvi wa mitaro.

Na padri mwenye parokia aliishi kwa nini? Kwa ardhi ya kanisa na kwa fungu la kumi, ambalo sheria ya mwaka 1836 ililigeuza kutoka mavuno kuwa malipo ya fedha. Akishasimikwa, kumwondoa ilikuwa shughuli. Akisafiri alimweka padri msaidizi, mapato yakaendelea kuwa yake. Utaratibu huu ulikuwa na lawama zake, maana wapo waliokula parokia tatu nne wasizozijua hata njia ya kufikia. Lakini kwa kadhia yetu ulizaa jambo jingine: aliyekaa akiandika sarufi ya Kiswahili alikuwa na paa, meza na kipato kutoka ardhi ya Lincolnshire. Mkulima wa ngano wa pale, bila kuulizwa wala kujua, alichangia kitabu chetu.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasoma sheria hadi udaktari, akaiacha akawa padri. Kwanza alihudumu Devon, kisha Skegness, wakati huo kijiji cha wavuvi, na wavuvi walimpenda kwa kuwa alikuwa mtu wa kukunja mikono ya shati. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 akapewa Little Steeping. Maili chache tu kutoka hapo, Burgh le Marsh, padri alikuwa rafiki yake William Tozer. Sasa tazameni mambo yanavyofuatana. Mwaka 1857 Livingstone alihutubia Cambridge, vyuo vikuu vikaunda misheni. Askofu wa kwanza wa misheni hiyo, Mackenzie, akafa kwa homa kule kwenye mto Shire mwanzoni mwa 1862. Tozer akateuliwa mahali pake mwaka 1863. Steere akasema atamsindikiza, mwaka mmoja au miwili hivi, amsaidie kuanza. Kwa hiyo historia ya uandishi wa Kiswahili cha Unguja kwa herufi za Kilatini, hebu tuseme wazi, ilianza na majirani wawili wa mashambani, mmoja hakutaka kumwacha mwenzake aende peke yake.

Homa ile wenyeji wa pwani ya Lincolnshire hawakuihitaji kufasiriwa. Vinamasi vya mashariki ya Uingereza vilikuwa na malaria yake mpaka karne ya 19, mtu akitetemeka kwa zamu, siku baada ya siku, na wakulima wakinywa chai ya mapopi, mmea wa afyuni, kujituliza. Nalitaja kwa sababu huku nimezoea kuulizwa, kwa huruma kabisa, kama kwetu "bado" kuna malaria.

Walianzia mlima Morambala, karibu na mto Shire. Hapakufaa. Mwishoni mwa Agosti 1864 wakafika Zanzibar, na Sultani Majid akampa Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza ikaanza na wanafunzi watano wasiojua Kiingereza, na walimu wasiojua Kiswahili. Nani alimfundisha nani hapo?

Hili ndilo lililonikalisha kuandika barua, waheshimiwa, kwa hiyo mnivumilie nikikaa nalo.

Kwenye dibaji ya sarufi yake Steere hakujifanya kaokota lugha barazani. Aliwataja waliomsaidia. Yumo Hamis wa Kayi, kijana Mswahili aliyemsifu kwa wepesi wa kufahamu nini hasa Mzungu anataka kukijua juu ya lugha yake. Yumo Sheikh Abdulaziz, aliyemfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili ambacho Steere mwenyewe alikiita kizuri na safi kabisa. Huyu ndiye Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawy, mzaliwa wa Barawa, kadhi wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1896. Bingwa wa elimu ambaye watu walimfuata kwa fatwa, si kwa msamiati. Alijua vizuri mgeni wake kaja kwa kazi gani. Alimsaidia hata hivyo. Zaburi ni kitabu cha Nabii Daudi, na kuifasiri vibaya kusingemfaa mtu yeyote, Muislamu wala Mkristo.

Someni tena ile sifa ya Hamis wa Kayi. Anafahamu kile ambacho muulizaji anataka kukijua. Hiyo ni kazi yangu mimi! Daktari anauliza, "Maumivu yakoje?" na mama wa Kigoma anajibu kwamba moyo unamuenda mbio akiinama, mimi ndiye nijue daktari anatafuta nini na mama anaficha nini. Tukimaliza, daktari anaandika kwenye faili. Maneno ya mgonjwa yameandikwa, ya daktari yameandikwa. Mimi naandikwa hivi: mkalimani alikuwepo. Miaka kumi na nne ya kazi, nimo kwenye mamia ya mafaili na sina jina hata kwenye moja. Silalamiki, ndivyo kanuni ya siri inavyotaka. Lakini nikaelewa kwa nini dibaji ile ilinitoa machozi kwenye treni, mtu mzima. Padri wa Little Steeping alivunja kanuni. Aliandika majina.

Waliokuja nyuma yake ndio walioyaacha njiani. Skuli nilisoma historia ya Kiswahili sanifu kama wanafunzi wote: Krapf wa Rabai na Kimvita chake, yaani Kiswahili cha Mombasa, Steere na Kiunguja, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja, kamati ya lugha ya mwaka 1930. Hamis wa Kayi hakuwamo kwenye madaftari yangu. Sheikh Abdulaziz nilimjua kama mwanachuoni. Kwamba ana mkono katika Kiswahili kilichochapwa sikuambiwa. Wala sikuambiwa juu ya kijiji.

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, akaingia tena kwenye nyumba yake ya padri na masanduku ya karatasi. Mwaka 1870 vikatoka viwili, sarufi na mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo yumo Sultani Darai na paa wake. Humo yumo kima anayemwambia papa kisa cha punda wa dobi. Bibi yangu alikuwa akitusimulia hadithi hizo Mkunazini bila kitabu, kwa hiyo siwezi kusema Little Steeping ilitupa hadithi zetu. Ilizitunza zile zilizosimuliwa na watu fulani wa miaka ya 1860, kwa pumzi yao na kwa marudio yao, na hilo ni kubwa.

Jingine kubwa zaidi haliko kwenye hadithi. Steere aliifuata kanuni ya kuandika irabu kama za Kitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Ndiyo maana leo tunaandika chakula kwa ch na shoka kwa sh, tunatuma ujumbe wa simu kwa herufi hizo mara elfu kwa siku kutoka Lamu hadi Lubumbashi, wala hatufikirii. Zamani zake na kabla yake Waswahili walikuwa na maandishi yao, kwa herufi za Kiarabu, na tenzi zao zilikuwa zimeshakaa karne nzima na zaidi. Asije mtu akasema tulifundishwa kuandika. Tulibadilishiwa kalamu. Kama ubadilishaji ule ulikuwa wa heri tu, mimi nina maswali yangu, na babu yangu aliyesoma magazeti kwa shida na barua za Kiarabu kwa ufasaha alikuwa na mengi zaidi.

Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Zanzibar, mikarafuu ikalala chini, majengo ya misheni yakavunjika. Steere akafunga safari tena. Mengine mnayajua: mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa, kanisa lililoanza kujengwa Krismasi ya mwaka uleule mahali pa soko, sehemu ya kiwanja ikitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. (Jina jingine hilo la kukumbukwa: Mhindi asiye Mkristo aliyetoa ardhi ya kanisa.) Akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874. Mwaka 1876 akawaongoza watu waliookolewa utumwani kwenda bara, wakaishia Masasi. Mwaka 1879 akamfanya shemasi John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano. Akafa ghafla Zanzibar mwishoni mwa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare, pale pale tulipokuwa tukipeana visa vya nguzo. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja, iliyokaa juu ya kazi yake, ikatoka mwaka 1891.

Na Little Steeping haikumsahau. Kanisa lilikuwa limechakaa; likatengenezwa upya, likakamilika mwaka 1912, kwa kumbukumbu yake. Mji jirani wa Spilsby una sanamu ya mtoto wao John Franklin, aliyepotelea kwenye barafu akitafuta njia ya meli. Kijiji hiki kidogo kina kanisa zima kwa ajili ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, yaani kuongea na watu.

Sasa nakuja kwenye ombi, na kwanza niseme yaliyonipata nilipotaka kuuliza kwa njia ya kawaida. Niliiandikia ofisi moja huku Uingereza, sitaitaja, nikitaka kujua nani wa kumwona kuhusu kuweka maandishi ya Kiswahili kanisani na kupata nakala za karatasi za miaka ile. Wakanijibu kwa upole kwamba hilo ni suala la Afrika. Nikaiandikia ofisi moja huko nyumbani, nayo sitaitaja. Wakanijibu kwa upole vilevile kwamba hilo ni suala la Uingereza. Barua zote mbili nimezihifadhi pamoja kwenye bahasha moja, zikiongea.

Kwa Dayosisi ya Lincoln na baraza la kanisa: najua kwamba katika Kanisa la Uingereza hata kibao kidogo hakiwekwi ukutani bila kibali cha mahakama ya dayosisi, baada ya kamati ya ushauri kuangalia. Ni kanuni nzuri, imeokoa kuta nyingi na wapenda vibao kama mimi. Ninachoomba ni mwanzishe ombi hilo. Maandishi mafupi, kwa Kiingereza na Kiswahili, yaseme kwamba padri wa hapa alifundishwa Kiswahili na Hamis wa Kayi, na Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani, na wengine wa Zanzibar. Si lazima yawe ya shaba wala ya marumaru. Hata ubao wa kusimama mlangoni, ambao mnaweza kuuondoa siku ya harusi, unatosha. Mnasumbuliwa na mapaa, na makanisa ya mashambani mengi yana waumini wa kuhesabika kwa vidole; wezi wa madini ya risasi yaliyoezekwa mapaani wamewatesa Lincolnshire kwa miaka. Sitaki kuwaongezea mzigo. Lakini mkiwa mnatafuta sababu ya watu wa mbali kulijali kanisa hilo, wasemaji wa Kiswahili tuko mamilioni kwa makumi, na wengi wetu hatujasikia kwamba lipo.

Kwa Dayosisi ya Zanzibar, jirani zangu: nyinyi mna wageni kila siku, tena wanaolipa kiingilio. Mwambieni mwongozaji aongeze sentensi moja baada ya ile ya nguzo. Aseme askofu alikuwa padri wa kijiji kinachoitwa Little Steeping, na mwalimu wake wa lugha alikuwa Hamis wa Kayi. Watoto wanaojipenyeza nyuma ya msafara watayahifadhi, nawahakikishia.

Kuhusu karatasi, nasema na nyote kwa pamoja. Karatasi za ile misheni ya vyuo vikuu ziko Oxford. Madaftari ya zamani ya parokia za Lincolnshire huhifadhiwa kwenye nyaraka za wilaya yao, mjini Lincoln. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Zanzibar akitaka kuona mwandiko wa Steere aliokuwa akiandika Kiswahili, anahitaji viza, tiketi, barua ya benki na kanzu ya baridi. Mnaweza kumpunguzia yote hayo kwa kupiga picha kurasa hizo na kuzipeleka Nyaraka za Taifa, Kilimani. Na ninyi wa Kilimani mna vitu ambavyo mtafiti wa Lincolnshire angevililia. Kubadilishana hakuhitaji mkataba wa mawaziri. Kunahitaji watu wawili wenye barua pepe na idhini ya wakubwa zao. Idhini hiyo ndiyo ninayowaomba.

BAKITA na BAKIZA, tangu mwaka 2022 dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai, na kila mwaka tunakwenda kwenye kumbi zilezile tukasikiliza hotuba zilezile juu ya kukua kwa lugha. Mwaka mmoja tu, safari moja ndogo: tukakae katika Kanisa la Mtakatifu Andrea mchana wa kiangazi, wenyeji wa kijiji na Waswahili wa Leicester, Nottingham na London, tusome kisa cha Sultani Darai chote, kwa lugha zote mbili, ukurasa kwa ukurasa kama kilivyochapwa. Tusome na dibaji, majina yakiwemo. Kahawa tutakuja nayo, na visheti. Wenyeji wakitaka kuleta keki zao hatutakataa.

Ule mto wao ulivunja kingo Juni 2019 pale Wainfleet, mamia ya nyumba zikahamwa, helikopta za jeshi zikaziba pengo kwa magunia ya kokoto. Nilipopita, mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa kwenye ukingo alinionyesha kwa fimbo maji yalipofika. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Akasimama kidogo, akasema, "Ah. Kama askofu wetu." Nilitaka kumsahihisha, kwamba askofu yule alitoka kwao akaja kwetu, kisha nikaona mzee hajakosea.

Tafsiri ya maandishi ya ubao nitaifanya mimi bila malipo, na sitadai jina langu liwekwe. Nauli kutoka Nottingham hadi Wainfleet nitajilipia. Kutoka Wainfleet hadi kijijini naomba atokee mwenye gari, kwa sababu safari ile ya kwanza viatu vyangu havikurudi salama.

Wenu katika lugha,
Mkalimani, mtoto wa Mkunazini
Nottingham